Pakiti ya Kahawa Mkononi mwa Mama

Mama yangu hatabasamu kwa amri ya mtu. Nilikuwa nikilisema hilo katika kila baa ya mji wetu wa Vinkovci, kwa sauti, kama wengine wanavyojisifia farasi. Keshia wa kaunta namba mbili kwenye duka kubwa la Zrno, mwaka wa tatu sasa, na hakuna meneja, wala mkaguzi, wala yule mzee anayelipa kwa senti alizozitunza kwenye soksi, aliyewahi kuliona jino lake bure. "Mama yangu akitabasamu," niliwaambia, "ujue kuna mtu ameteleza kwenye barafu." Watu walicheka, nikanunuliwa bia. Haukupita mwezi, alikuwa anatabasamu kwenye bango lenye ukubwa wa ukuta wa nyumba, mkabala na stesheni ya treni, theluji ikimpiga usoni.

Ilianza na mgomo. Januari ile nchi nzima iliamua kutonunua kitu siku za Ijumaa, maana bei zilikuwa zimepanda mpaka mtu unaingia dukani na mfuko, unatoka na mfuko tu. Baba yangu, Mato, fundi wa reli aliyestaafishwa mapema kwa sababu ya mgongo, aliupokea mgomo kama mtu aliyerudishwa kazini. Alhamisi alipita nyumba kwa nyumba akiwakumbusha majirani. Ijumaa alisimama mbele ya mlango wa Zrno, mikono nyuma, akiangalia nani anaingia. Na ndani, kwenye kaunta namba mbili, mke wake alimtazama kupitia kioo, kwa kuwa hapakuwa na mteja wa kumtazama.

"Leo nimekaa zamu nzima nikitazamana na mume wangu," mama alisema akivua viatu. "Hata wakati wa uchumba hatukufanya hivyo."

"Na ulipendeza," baba alisema.

"Wamenipunguzia saa za kazi, Mato. Kwa sababu duka ni tupu."

"Hao ndio wa kuwalaumu."

"Kwani nimesema namlaumu nani?"

Mama alikula kwa mkono wa kushoto. Vidole vitatu vya kulia vilikuwa vimekufa ganzi kwa kupitisha unga, mafuta na maziwa ya watu kwenye mashine, kutwa kucha. Daktari alikuwa amesema dawa yake ni kisu, na baada ya kisu apumzike wiki kadhaa. Lakini mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu. Zrno hawamfukuzi mtu anayekwenda kutibiwa, hasha. Mkataba wake unaisha tu, na hakuna anayekumbuka kumletea mwingine. Kwa hiyo mama alijifunza kushika kijiko kwa kushoto, na kwa mtu aliyeuliza alisema ni umri.

Kisha Zrno wakajibu. Bosi wao mkubwa alitokea kwenye televisheni akiwa na sweta.

"Amevua tai," baba alisema. "Hali ni mbaya."

"Wateja wetu wapendwa," yule bosi alisema, "tumewasikia." Bidhaa mia moja zitashushwa bei na bei hizo zitafungwa mpaka kiangazi. Na ili tujue kwamba Zrno ni jirani yetu na si jambazi wetu (hilo la jambazi hakulisema, nimeliongeza mimi), katika kila mji mfanyakazi mmoja, mtu wa hapo hapo, atakuwa sura ya bei mpya.

"Ashushe kwanza halafu ndiyo atusikie," bibi Bara alisema. Bibi Bara ni mama yake baba, ana miaka themanini na kitu, na televisheni huijibu kama mtu aliyekaa naye chumbani.

*

Meneja wa tawi letu anaitwa Zlatko. Alimwita mama ofisini kwake, nyuma ya maghala ya vinywaji. Mimi sikuwepo, lakini mama akisimulia huigiza sauti zote.

"Bi Nevenka, karibu ukae."

"Nimekaa tangu asubuhi. Acha nisimame."

"Makao makuu wanataka sura ya kweli. Si mwanamitindo."

"Asante."

"Sina maana hiyo! Nina maana watu wanakuamini. Picha moja tu, nyumbani kwako, jikoni, na bidhaa yetu mkononi." Akasogeza kiti chake. "Na tarehe mosi Machi, mkataba wa kudumu."

"Umeandikwa?"

"Neno langu, Bi Nevenka."

"Zlatko, nimekufunga kamba za viatu ukiwa mtoto wa chekechea. Neno lako nalijua lilikotoka. Mkono wangu unahitaji upasuaji."

"Ukishasaini, nenda kakatwe hata yote miwili."

Mama alirudi nyumbani na kulisema mezani, wakati baba akimenya kitunguu cha kulia maharage. Kitunguu kilisimama.

"Bango?" baba alisema. "La Zrno?"

"Ndiyo."

"Nevenka, mimi ndiye nimewaambia watu mtaa mzima wasikanyage pale. Mimi! Halafu mke wangu awaite waje?"

"Siwaiti. Nimeshika kitu tu."

"Umeshika kitu! Hata Yuda alishika kitu!"

"Wewe, Mato," bibi Bara alisema, "usimtaje Yuda juu ya maharage."

Mama aliinua mkono wake wa kulia akauweka katikati ya meza, kiganja juu, kama mtu anayeweka samaki sokoni. "Haya, bana hapa," alimwambia baba. "Bana kidole. Kwa nguvu." Baba hakubana. "Bana, Mato. Jana nimeungua kwa sufuria nikajua kwa harufu." Baba aliutazama ule mkono, kisha akarudi kwenye kitunguu chake, akakimenya mpaka hakikubaki kitu.

"Siku watakayokuja," alisema mwishowe, "mimi sitakuwepo."

Siku ilipofika alikuwepo. Alijifungia chumbani, mlango ukiwa umeachwa wazi kidogo, kiasi cha sikio.

*

Hapa lazima niseme neno kuhusu kahawa, la sivyo mtatuona wajinga. Kwetu mtu haendi nyumbani kwa mtu mikono mitupu. Anakwenda na pakiti ya kahawa iliyosagwa. Mwenye nyumba anaipokea, analalamika kidogo, "jamani, ya nini tena," kisha anaiingiza stoo bila kuifungua. Siku naye akienda kutembelea, anaitoa hiyo hiyo anaipeleka kwa mwingine. Kuna pakiti mtaani kwetu zimesafiri kuliko mimi. Na lipo kosa moja lisilosameheka, ambalo mtu aliyelelewa vizuri halifanyi hata akiwa na homa: kumpa mtu kahawa aliyokuletea mwenyewe. Mjomba wa baba na shemeji yake walizikwa bila kusalimiana kwa sababu hiyo.

Sasa, timu ya Zrno ilikuja kutoka Zagreb, mji mkuu, Jumanne asubuhi. Alikuwepo Bi Korana, mwenye buti ndefu na sauti ya kumtuliza farasi. Alikuwepo mpiga picha mwenye ndevu, na Zlatko, aliyekuja kuhakikisha tunapendeza. Mikononi mwa Bi Korana mlikuwa na aproni mpya ya Zrno na pakiti ya kahawa, ile ile ya kupigia picha. Ili avue buti mlangoni, alimkabidhi bibi Bara ile pakiti.

"Jamani, ya nini tena!" bibi alisema, uso ukimng'aa. "Mmejisumbua." Na kahawa ikaenda stoo.

Wakapewa ndara. Zlatko alipata zile za bibi, za manyoya ya waridi. Walisogeza meza, wakaondoa kalenda ya parokia ukutani, wakaficha sufuria letu la sarma, nyama iliyoviringishwa kwenye majani ya kabichi, kwa sababu, alisema mpiga picha, linaleta mvuke. Kisha akafungua dirisha.

"Upepo!" bibi Bara alipiga kelele, maana kwetu upepo wa dirishani huaminika kuua.

"Upepo!" sauti ya baba ikajibu kutoka chumbani, kutoka kwa mtu asiyekuwepo.

Dirisha lilifungwa. Mama alisimama pale walipomwambia, na aproni shingoni, nywele zikiwa zimetengenezwa na Jagoda, mwenzake wa kaunta namba tatu.

"Vizuri sana," Bi Korana alisema. "Sasa tumpe kahawa."

"Nachemsha maji sasa hivi," bibi alisema.

"Hapana, bibi, ya kushika. Ile tuliyokuja nayo."

Nilikuwa nimesimama kando ya stoo, nikimwona bibi ndani. Alikuwa kati ya makopo ya pilipili, na pakiti ya wageni mkono mmoja. Aliishika kama mtu aliyeambiwa avue nguo kanisani. Awarudishie wageni kahawa yao wenyewe, mkononi, mchana kweupe, mbele ya kamera? Alinitazama. Mimi niliinua mabega. Akairudisha pakiti ya wageni kwenye rafu, akaifunika kitambaa, akatoa nyingine. Rangi ile ile, jina lile lile. Hiyo ilikuwa ya jirani yetu Kata, aliyoileta Sikukuu ya Watakatifu Wote.

Watu wengine wakikuletea kahawa huikwangua bei kwanza kwa ukucha. Kata hakwangui. Kata anataka ujue.

Basi mama alipewa kahawa ya Kata. Mpiga picha alimgeuza huku, akamgeuza kule, akamwambia ainue kidevu.

"Sasa tabasamu."

Mama alimtazama.

"Bi Nevenka, fikiria jambo zuri," Bi Korana alisema. "Likizo. Bahari."

"Baharini mwanangu huenda kuosha vyombo vya wageni," mama alisema. "Nimfikirie?"

"Basi fikiria wajukuu."

"Huyu?" Alininyooshea kidole. "Wajukuu kutoka kwa huyu?"

Zlatko alikohoa. Alisimama pale na ndara zake za waridi, mikono mifukoni, akasema taratibu, kama anamkumbusha mtu kuzima jiko, "Bi Nevenka. Tarehe mosi Machi."

Na mama akatabasamu. Meno ya juu yote, na mawili ya chini. Kwa amri, mbele ya macho yangu. Mpiga picha akasema "hapo hapo," na mimi nikatoka nje kuchanja kuni ambazo hazikuhitaji kuchanjwa.

*

KAHAWA: ILIKUWA 5.49, SASA 4.59. BEI IMEFUNGWA. TUMEWASIKIA. Ndivyo bango lilivyosema, na chini yake mama yangu, urefu wa ghorofa mbili, akikumbatia pakiti.

Baba alianza kwenda kwenye baa kwa kuzunguka nyuma ya reli, matope mpaka kwenye vifundo, ili asipite stesheni. Haikumsaidia.

"Mato," walimwambia kule, "mkeo anatutazama hata tukienda chooni. Mwambie ageuke kidogo."

"Mato, Ijumaa hii tugome au kwanza tumuulize mama mwenye nyumba?"

Alikunywa kwa haraka akarudi kwa njia ile ile ya matope. Ijumaa hakwenda kusimama mbele ya Zrno. Alisema mgongo unauma.

Dukani nako wateja walipata mchezo mpya. "Nevenka, kule nje una meno kibao, hapa hata moja!" "Nevenka, nitabasamie na mimi, nimenunua mkate mzima!" Mwanzoni mama alinyamaza. Baadaye aliwajibu bila kuinua macho, akiwa anapitisha vitu kwa mkono wa kushoto: "Yale ya nje yana mkataba wa kudumu." Mwanamke mmoja, mwalimu wangu wa zamani wa shule ya msingi, alikusanya vitu vyake kimyakimya, akamwinamia na kumwambia kwa upole mkubwa, "Sikulaumu, mwanangu. Kila mtu ana bei yake." Hilo mama alilileta nyumbani. Yale mengine aliyaacha dukani.

"Alisema kwa upole," alisema. "Angenitemea mate ningemwelewa."

Mimi katika siku hizo sikuwa na kazi. Hotelini pwani hunichukua kuanzia Mei. Februari mimi ni mtu wa kusubiri. Basi siku moja ya mvua nilikuwa nimejikinga stesheni, na macho yangu hayakuwa na pa kwenda isipokuwa kwa mama. Nikaona kwenye kona ya pakiti, karibu na kidole chake kisicho na hisia, kitu cha rangi ya chungwa. Nikapiga picha kwa simu, nikaikuza. Kibandiko cha ofa cha Zrno, chenye nembo yao wenyewe, herufi safi kabisa. 3.99. Oktoba.

Nilicheka peke yangu mpaka karani wa tiketi akanitazama. Miezi minne nyuma, kabla ya kusikia, kabla ya kushusha, kabla ya kufunga, walikuwa wanaiuza senti sitini chini. Kisha nikafanya nililofanya. Kwenye kundi la mji wetu la Facebook nina jina la pili, Mzee Sarma, la mizaha. Nikaweka picha na kuandika: *Zrno wameshusha kahawa kutoka 3.99 hadi 4.59. Tunawaomba sana wasishushe tena, hatutaweza kununua.*

Kufikia saa ya chakula cha jioni andiko lilikuwa limefika Zagreb. Kufikia asubuhi lilikuwa redioni, na mtangazaji alilisoma kwa sauti ya kikongwe. Mzaha wangu! Nilitembea mjini nikiwa na urefu wa bango.

*

Baba alikuwa wa kwanza kufurahi. Alitoa chupa ya rakija, pombe yetu kali ya plamu, ile ya wageni, akapanga vikombe vidogo mezani mchana kweupe. "Kwa pesa ya zamani hiyo ni kuna thelathini! Wakaifanya arobaini na moja, wakaishusha kwa mdomo ikawa thelathini na tano!" Baba bado anahesabu kwa pesa yetu ya zamani, iliyoitwa kuna; tulipoingia kwenye euro nilimwambia: ulikuwa na kuna, sasa hakuna. "Mke wangu! Mgomaji kuliko sisi wote! Amewavua nguo hadharani, na tabasamu juu yake!"

Mama aliingia, akaona vikombe, akakaa bila kuvua koti.

"Mato, rudisha chupa."

"Kwa nini?"

"Rudisha chupa, nakuomba."

Zrno walikuwa wamejibu mara ya pili. Safari hii bosi hakutokea, ilikuwa karatasi tu. Walisema bei zao ni za haki kama kawaida, na picha ya Vinkovci ina *bidhaa isiyoidhinishwa, iliyoletwa na mfanyakazi kwa hiari yake.* Asubuhi ile wafanyakazi wawili walikuwa wameegesha ngazi stesheni na kubandika karatasi kubwa ya rangi ya chungwa juu ya ile pakiti. Mama sasa alikuwa anatabasamu akikumbatia utupu wenye rangi.

"Kwa hiari yangu," mama alisema. "Yaani mimi nilikwenda nikaitafuta."

Bibi Bara alianza kulia, kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Ni mimi, binti. Ningefanyaje? Kahawa wameileta wao, na miguu yao, mpaka mlangoni. Niwarudishie? Ningeuweka wapi uso wangu?"

"Hukukosea, mama."

"Walisema 'ile tuliyokuja nayo.' Nilisikia. Nilijifanya sikusikia."

"Hata mimi nisingewarudishia," mama alisema. "Mtu yeyote mwenye adabu asingewarudishia. Wao ndio hawajui wanaingiaje nyumba ya mtu." Alifungua kifungo kimoja cha koti, akachoka, akaacha vingine. "Lakini si hilo wanalouliza. Zlatko anauliza nani aliandika. Mzee Sarma ni nani. Makao makuu wana wanasheria. Anasema akiwa mtu wa nje watampeleka mahakamani wadai nini sijui, fidia. Akiwa mfanyakazi, basi, mkataba unaisha na mambo yanaisha."

"Huyo Mzee Sarma apewe nishani," baba alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Ana mzaha," mama alisema. "Ana mzaha sana." Na akanitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. Alinitazama kama anavyotazama noti ya hamsini, akaigeuza mara moja, akaiweka kwenye droo.

Masikio yangu yaliwaka. "Mimi nitakwenda kwa Zlatko," nilisema. "Kesho. Mwanamume kwa mwanamume."

"Utamwambia nini?"

"Ukweli."

"Sawa," mama alisema, akaenda kulala saa ile ile na koti lake.

*

Nilikwenda. Nilipita milango ile inayojifungua yenyewe, nikapita mboga, nikapita maziwa, sikumsalimu mtu. Nyuma ya maghala ya vinywaji niligonga mlango wa Zlatko, na hakusema ingia, niliingia.

"Mzee Sarma ni mimi," nilimwambia. "Nipelekeni mahakamani. Nina jozi mbili za viatu na simu yenye kioo kilichopasuka, mtagawana."

Zlatko alipauka. Nilimweleza habari ya bibi, ya stoo, ya Kata asiyekwangua bei. Nilimwambia kwamba walikuja nyumbani kwetu wakavaa ndara zetu, wakaficha sufuria letu, na mama yangu akawapa meno yake aliyotunyima sisi miaka yote, na sasa wanamwita mwongo kwenye karatasi. "Alikufunga viatu, Zlatko," nilisema. "Neno lako liko wapi?" Alikunja mikono, akaikunjua. Mwishowe akasema, taratibu, kwamba kosa si la mama, amelijua tangu mwanzo. Mkataba anao kwenye droo, umeandikwa tayari, na Jumatatu atazungumza na makao makuu. "Mwambie mama yako asikate tamaa." Tukapeana mikono.

Haya niliyasimulia jikoni jioni ile ile, nikiwa nimesimama, kwa sauti zote mbili, maana kipaji hicho nimekirithi. Walikuwepo wote mezani. Na Jagoda wa kaunta namba tatu alikuwa amepita baada ya zamu, pakiti yake ya kahawa ikiwa imeshaingia stoo, kikombe mkononi.

Bibi Bara alifanya ishara ya msalaba. Baba aliinuka, mgongo na yote, akanipiga begani mara mbili, kisha akageuka kutazama dirishani ambako hakukuwa na kitu. Na mama aliweka kijiko chini. Kitu kilipita usoni mwake, si tabasamu, mama hatabasamu, lakini mikunjo iliyo kati ya nyusi ililegea, na nikaona alivyokuwa kabla ya kiwanda cha viatu alichofanyia kazi zamani kufungwa, kabla ya Zrno.

"Umeandikwa tayari?" aliuliza. "Alisema umeandikwa?"

"Uko kwenye droo."

"Uliuona?"

"Alinionyesha kona yake."

Mama aliutazama mkono wake wa kulia. Aliufunga na kuufungua. "Basi naweza kumpigia daktari," alisema, kama anajiuliza. "Jumatatu. Au nisubiri mpaka nisaini? Nisubiri nisaini."

"Nevenka," Jagoda alisema.

"Nasubiri, ndiyo. Wiki moja si kitu."

"Nevenka, shoga yangu." Jagoda alisogeza kikombe mbali naye. Hakuwa ananitazama, alikuwa anatazama kitambaa cha meza, na aliongea kama mtu anayetoa mwiba. "Zlatko hayupo. Wamemwita Zagreb tangu jana mchana. Ofisi imefungwa kwa ufunguo, ufunguo ninao mimi."

Sufuria lilichemka.

"Labda alirudi," baba alisema.

"Hakurudi, Mato." Sasa alinigeukia. "Nilikuona, Kruno. Ulisimama kwenye matoroli muda mrefu, nikadhani unamsubiri mtu. Halafu ukaja kwenye kaunta yangu. Na hata ungemkuta, usingekuwa na la kusema. Mama yako alishawaambia jana asubuhi kwamba Mzee Sarma ni yeye. Ameshasaini karatasi ya kukiri. Mwisho wa mwezi anaondoka."

"Jagoda, nyamaza," mama alisema.

"Ninyamaze? Amesimama hapa anakupa droo!"

"Nilitaka kuingia," nilisema. "Nilikuwa njiani—"

"Ulinunua ubani wa kutafuna," Jagoda alisema. "Ukaniuliza kama uko kwenye ofa."

Nilitafuta mzaha. Siku zote huwa upo, uko juu juu, nauokota tu. Bibi Bara alikuwa ameshika msalaba wake shingoni, baba bado amegeukia dirisha. Mama alichukua kijiko chake kwa mkono wa kushoto na kuanza kula tena, polepole, macho kwenye sahani.

"Ulikuwa kwenye ofa?" aliuliza.